Namba kwenye Skrini Nyeusi

Kisa hiki ofisi nzima inakijua, basi na ninyi kijueni.

Jumatatu niliwasha kompyuta yangu katika ofisi ya mifugo, hapa Garissa, nikakuta skrini nyeusi. Faili hakuna, ila mistari michache ya Kiingereza na namba ndefu zenye nukta katikati.

Wiki iliyopita nilipeleka ripoti ya chanjo ya ngamia wa Ijara, na Ijara kwenyewe sikufika. Niliiandika nikiwa nyumbani kwa mama mkwe. Nikajua makao makuu wamegundua, wameifunga mashine, na zile ni namba za kesi yangu.

Nikaizima, nikaiwasha tena. Namba zilezile. Nikaenda kwa mkuu wetu, Bi Halima.

"Mkuu, nisamehe. Ijara sikuenda."

Aliweka kalamu chini. Nikamweleza yote, hadi mbuzi niliyechinjiwa.

Nyuma yangu Ifrah, fundi wetu wa kompyuta, akakohoa. "Walaal, ndugu yangu, si nilikwambia Alhamisi, ukaitikia tu? Nimeondoa Windows, nikaweka programu inayokaa moja kwa moja kwenye mashine na kuigawa iwe kama kompyuta tatu. Yako ni moja. Hizo namba ni anwani ya kuifungua kutoka mashine nyingine."

Akaziandika kwenye laptopu ya Bi Halima. Faili zangu zote zikatokea, salama salimini.

Bi Halima hakuzitazama. Alikuwa ananitazama mimi.

"Na wale ngamia," akaniuliza, "nani amewachanja?"