Mnazi wa Ganda, Mnazi wa Sabaki

Saa kumi na mbili asubuhi, Gerishom Mwaringa yuko juu ya mnazi, miguu kwenye vidato vilivyochongwa shinani, kotama, kile kisu cha mgema, kiunoni. Anafungua kibuyu kilichofungwa kwenye karara la maua kukinga utomvu, anakinusa, kisha anacheka peke yake.

"Jana bahari ilipuliza!" anapaza sauti kutoka juu. "Panda uje unuse mwenyewe!"

Mwandishi huyu, ambaye hajawahi kupanda kitu kirefu kuliko kitanda, anangoja chini.

Hapa ni Sabaki, karibu na pale mto unapoingia baharini. Minazi imesimama kwenye mchanga mtupu, na upepo wa chumvi unaipiga usiku na mchana. Gerishom, mwenye umri wa miaka hamsini na minne, amekuwa mgema hapa tangu alipomwoa Nyevu na kuhamia naye. Lakini minazi sita aliyoachiwa na babake iko Ganda, mbali na bahari, kwenye udongo mzito. Wiki hii anagema kote kuwili, akipanda bodaboda asubuhi na jioni.

Tukirudi nyumbani Nyevu anamimina bilauri mbili za mnazi, tembo la huku: moja ya Ganda, moja ya Sabaki. Mti ni wa aina moja, kotama ni ileile, mkono ni uleule. Mnazi wa Ganda ni mtamu na mzito, unakaa ulimini. Wa Sabaki ni mwepesi, unachoma kidogo, na mwisho wake una chumvi kwa mbali. Nilionja tena na tena, nikidhani nadanganywa. Mchanga na upepo vimo ndani ya bilauri, na hakuna aliyevitia. Jambo hilo linashangaza, na sioni haya kusema hivyo.

"Mvua ikinyesha bara, mto ukishuka mwekundu, mnazi wa hapa hupoa ukawa kama maji ya dafu," anaeleza Gerishom. "Jua la kaskazi likikaza, unatoka kidogo lakini mkali. Mti haufichi kitu, mwanangu. Ulichokunywa mti ndicho unachokupa."

Yeye mwenyewe alijaribu kuficha, na yakamfika.

Mwanawe, Ngumbao, anataka kumwoa Umazi, binti wa Ganda. Ukoo wa Umazi unashikilia kwamba kibuyu cha mnazi kinacholetwa kwa posa kitoke kwenye minazi ya ukoo wa mume. Posa ilipangwa mwezi wa pili, ukame ukiwa umekaza. Minazi yote sita ya Ganda ilitoa kikombe kimoja kwa siku.

"Kibuyu hakikujaa, nikajazia wa Sabaki," anasema Gerishom, akiinamisha kichwa. "Nikasema, nani atajua?"

Mzee Kombe, baba mdogo wa Umazi, alivuta funda moja kwa mrija akauweka chini. "Bwana Gerishom," aliuliza taratibu, "kwenu ni Ganda au ni baharini?"

Posa ikarudishwa. Ngumbao hakusema na babake wiki nzima.

"Mimi nilimwambia," anadakia Nyevu. "Lakini baba Ngumbao akishaamua, hata umpigie ngoma sikioni hasikii!"

Masika yamenyesha vizuri, na sasa minazi ya Ganda inajaza kibuyu asubuhi moja. Jumamosi wanarudi kwa wakwe. Wakikataliwa mara ya pili, Umazi ataposwa na mwingine, na Ngumbao analijua hilo.

Kwa hiyo nilishangaa kuona vibuyu viwili vimeandaliwa.

"Wakitaka wa Ganda, upo, haujachanganywa na tone," anasema Gerishom. "Cha pili ni cha Sabaki, na nitawaambia mimi mwenyewe kabla hawajaonja. Binti yao atakuja kuishi kwenye mchanga huu. Nataka wapaonje anapokwenda, na wapakubali napo."

Namuuliza Nyevu kama haogopi. Anafunga kibuyu cha Ganda kwa kamba ya katani. Cha Sabaki anakifunga kwa kipande cha leso iliyochujuka, ile aliyokuja nayo hapa akiwa bibi harusi.

"Mimi pia nilitoka Ganda," anasema. "Mwaka mzima kila kitu kilikuwa na chumvi kinywani mwangu, nikadhani ni machozi. Hakuna aliyenionjesha kabla." Anakaza fundo. "Huyu mtoto aonjeshwe."