Gari Lililonukia Limau

Kinyaa cha Mama Sabuni hakikuwa cha kuigiza. Wako watu hubenua midomo ili waonekane wa maana, lakini huyu akiona uchafu tumbo lenyewe lilimgeuka. Sasa tazama kazi aliyoipata: kuosha magari yaliyotumika kutoka Japani, zile pikapu ndogondogo za mizigo zenye pua bapa na magurudumu kama ya toroli, ambazo siku hizi kila mwenye duka na kila mwenye ndoto anazitaka. Bosi wake alikuwa na uwanja mzima wa magari hayo. Yanafika na uchafu wa watu wasiojulikana, Mama Sabuni anayasugua, Bosi anayauza kwa bei ya kuumiza.

Na uchafu wenyewe, jamani! Mtu haoni aibu kuuza gari lenye magamba ya samaki yaliyogandia chini ya kiti. Vishungi vya sigara, nywele, soksi ya mguu mmoja. Siku moja alivuta zulia akakuta meno ya bandia, safu nzima ya juu, yanamchekea. Aliyarusha kule huku akipiga ukelele, na siku hiyo hakula.

"Yule bwana kauza gari na meno yake humo humo," aliwasimulia nyumbani. "Sijui sasa anatafunia nini."

Mdogo wake alicheka mpaka akashika mbavu. Yeye alikunywa maji akaenda kulala.

Lakini uchafu wote huo haukumkera kama Bosi mwenyewe. Bosi alikuwa na tabia ya kuchokonoa sikio kwa ufunguo wa gari. Anaongea na mteja, anaisifia injini, na ufunguo unazunguka sikioni. Kisha anauchomoa, anautazama umeleta nini, anaufuta kwenye suruali, na huyo, anamkabidhi mteja. "Jaribu mwenyewe, mzee wangu." Na mteja anaupokea kwa mikono miwili! Mama Sabuni hapo hugeukia bombani asije akatapika mbele za watu. Akipewa yeye ufunguo, hakuwa na haya: "Kanawe kwanza." Bosi hucheka tu, maana mwoshaji kama huyo angempata wapi tena? Maneno hayo ndiyo yalikuwa salamu ya Mama Sabuni kwa dunia nzima. Ukimpa mkono, kanawe kwanza. Ukitaka kula kwake, kanawe kwanza.

Mdogo wake, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alikuwa fundi wa vitanda. Kazi nzuri, ya kupendeza macho, ila vitanda vilikwenda kwa wateja juu ya mkokoteni na kufika vimechubuka, na mvua ikinyesha ndiyo basi tena. Akajinyima, akauza mpaka mashine yake ya kuranda mbao, ili apate pikapu. Hakubakiwa na kitu kingine. Gari likiwa bovu amekwisha, yeye na mkewe na mtoto, na Mama Sabuni alilijua hilo kama anavyojua jina lake.

"Dada, si uko pale pale? Nichagulie moja."

"Usinunue kwetu."

"Kwa nini?"

"Nimesema usinunue kwetu. Basi. Kanawe uje ule."

Sababu alikuwa nayo, ila hakuitoa. Mdogo wake yule alikuwa na mdomo usio na breki. Angeambiwa leo, kesho yuko getini kwa Bosi anapiga makelele, na dada mtu amemwaga unga. Kijana akaondoka amenuna, akidhani dada yake anamwonea aibu kwa wakubwa wake.

Sababu yenyewe ilikuwa gari moja jeupe. Kontena lake lilipofunguliwa hata vibarua walirudi nyuma. Lilinuka kama panya aliyefia ndani ya godoro lililolowa. Mama Sabuni alifungua mlango akakuta tope limejipaka mpaka usawa wa dirisha, na kwenye tundu la redio konokono amekauka.

"Hili limezama," alisema kupitia kitambaa alichojizibia pua.

"Limelowa," Bosi akamrekebisha.

"Limelowa nini, Bosi? Nyaya zote zimekunywa tope! Si kuna siku taa zitamzimikia mtu barabarani?"

"Mama, wewe osha. Umeajiriwa kuosha, hukuajiriwa kulia."

Akaosha. Shingo upande, lakini akaosha, na kama kawaida yake akaosha vizuri. Alitoa viti nje, akasugua kwa siki na sabuni ya unga, akatapika, akasukutua, akarudi tena na maganda ya limau. Kiti cha abiria kilikuwa kimechanika, akakishona kwa uzi wa bluu alioupata mkobani. Alipofika kwenye mkanda wa kiti hicho akauvuta, ukaja na tope. Akazidi kuvuta huku akiusugua, tope likazidi kuja.

"Hapo panatosha," Bosi alimwambia, ufunguo uko sikioni. "Nani huvuta mkanda hadi mwisho?"

Akauachia, ukarudi ndani na tope lake. "Mimi naosha, siuzi," alijisemea, na siku kadhaa alijisemea hivyo hivyo. Kisha asubuhi moja hakulikuta uwanjani. Bosi alisema limepata mwenyewe. Mama Sabuni hakuuliza ni nani. Alishukuru tu kwamba limemwondokea machoni.

Jumapili moja akasikia honi mlangoni kwake.

"Dada! Toka uone!"

Mdogo wake ameshika usukani, meno yote nje. Mkewe yuko pembeni yake, amempakata mtoto. Gari ni jeupe, linang'aa.

"Si ulisema nisinunue kwenu? Nimekusikia. Nimekwenda yadi ya ng'ambo ya mji. Lilikuwa la bibi mmoja wa Kijapani, alikuwa akiendea sokoni tu. Hebu nusa ndani, wewe mwenye kinyaa. Leo huna la kusema!"

Mama Sabuni alifungua mlango wa upande wa wifi yake. Limau likampiga usoni.

"Shuka, wifi," alisema. "Shuka na mtoto."

Wifi aliposhuka, uzi wa bluu ukaonekana, mishono yake ile ile mifupi iliyobanana. Mama Sabuni aliushika mkanda akauvuta. Ukaja safi. Akauvuta mpaka ukagoma, na pale mwisho kabisa tope kavu likapasuka na kumwagikia mkononi.

Mdogo wake alikuwa bado anacheka. Kicheko kikamkatikia njiani.

"Nini hicho?"

"Tope. Gari hili limezama. Umeuziwa mbuzi kwenye gunia, mdogo wangu."

"Umejuaje?" Akateremka, akazunguka, akaja kusimama mbele yake. "Hukutazama injini. Hukutazama matairi. Umeingia moja kwa moja kwenye mkanda. Dada, umejuaje?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini. Angesema ni harufu, na nani angembishia mtu mwenye pua ile?

"Nililiosha mimi," alisema.

Mdogo wake aliutazama mkono wenye tope, kisha akamtazama yeye, na uso wake ukakunjamana taratibu kuanzia puani. Mama Sabuni aliujua uso huo. Ulikuwa wake mwenyewe, ule aliomfanyia Bosi kila ufunguo ulipotoka sikioni.

"Twende tukalirudishe," alisema, akanyoosha mkono amshike bega. "Twende sasa hivi."

Mdogo wake akarudi nyuma hatua moja.

"Kanawe kwanza."

Akaenda bombani. Sabuni ilikuwepo, ya limau, hakuigusa. Alijisugua kwa maji na mchanga mpaka viwiko vikamwasha. Aliporudi, wifi na mtoto walikuwa wamekaa mlangoni pa nyumba, mdogo wake yuko kwenye usukani, na gari linanguruma.

"Utayasema haya haya mbele yao?" mdogo wake aliuliza bila kumtazama. "Mbele ya yule wa ng'ambo aliyeniuzia, na mbele ya Bosi wako aliyemuuzia?"

"Nitayasema."

"Utamwaga unga."

"Umwagike."

Mdogo wake akainama akausukuma mlango wa abiria, ukafunguka. Mama Sabuni akapanda, akakalia mishono yake mwenyewe. Hawakufika hata mwisho wa mtaa, limau lake mwenyewe likamtia kinyaa, akashusha kioo akatema mate nje.