Waambie Tuko Wawili

Mtu akisikia natoka Sumbawanga hucheka kwanza. "Ninyi tiketi ya nini? Si mnapanda ungo tu mnafika?" Utani huo nimeusikia Dar, nimeusikia Maskati, nimeusikia mpaka kwa mashemeji zangu. Ndiyo maana jambo hili nimekaa nalo muda mrefu bila kulisema. Leo nalisema. Lilinipata ndani ya ndege ya kweli, yenye mabawa, na wahudumu wanapita wakigawa juisi. Sikuota, na homa sikuwa nayo. Wala msingoje niwaambie ilikuwa usiku. Ilikuwa mchana, jua limetoka lote, mawingu yako chini yetu.

Mume wangu ni fundi magari huko Maskati. Nilimfuata baada ya ndoa, na huko huko nikajifungua binti, tukamwita Klara. Alipofikisha miezi mitatu, mama yangu aliyeko Milanzi, kule kule Sumbawanga, akaanza wimbo mmoja kila akipiga simu: nileteeni mjukuu wangu nimwone kabla sijafa. Hakuwa anakufa, ni maneno yake tu, lakini ukiyasikia kila Jumapili yanakuingia. Mume wangu hakupata ruhusa kazini. Nikasafiri peke yangu na mtoto.

Aliyewahi kupanda ndege na mtoto mchanga hahitaji kuelezwa. Ndege ilipoanza kupanda, masikio yalimuuma Klara, akalia mpaka sauti ikakauka. Nikimpa ziwa analikataa, nikimweka begani anajipinda kama samaki. Watu wanakugeukia, wanakutazama kana kwamba umemfinya makusudi. Nilikwenda kumbadilisha nepi kwenye kile choo chao, ambacho hata kugeuka huwezi, nikatoka nimeloa jasho. Baba mmoja aliyekuwa ameketi upande wa njia alivumilia kwanza, kisha akachukua begi lake, akahamia nyuma. Mimi nikabaki dirishani na viti viwili vitupu kando yangu. Nilishukuru. Nilitandika khanga kwenye kile cha katikati, nikaweka vitu vya mtoto.

Chupa ya maji ikanidondoka. Nikainama kuitafuta chini ya kiti, Klara nimemkumbatia kwa mkono mmoja. Nilipoinuka, kwenye kile kiti cha njia alikuwa ameketi dada mmoja, na yeye amepakata mtoto.

Akanisalimia Kifipa.

Jamani, hebu fikiria. Uko juu huko, umechoka, umetoka nchi ya watu, halafu mtu anakusalimia kwa lugha ya mama yako! Nilisahau hata kujiuliza ametokea wapi. Nilimwitikia kwa furaha, nikamuuliza kwao wapi.

"Kate," akasema, kijiji cha huko huko kwetu Ufipa. "Mimi Skolastika. Nyumbani wananiita Skola."

Alikuwa binti mdogo, hata miaka ishirini na tano sidhani kama alikuwa nayo. Amejifunga shuka jeupe mabegani, na miguuni ana soksi tu, hana viatu. Uso wake ulikuwa umechoka uchovu ule ambao kila mwanamke aliyezaa anaujua. Mtoto wake alikuwa amefunikwa gubigubi.

"Umejifungua karibuni?" nikamuuliza.

"Karibuni tu."

"Na wamekuruhusu kupanda ndege na kichanga namna hiyo?"

"Walinipandisha," akasema.

Nilidhani ni maneno ya mtu aliyechoka. Wewe ungedhani nini? Mhudumu alipita na kigari cha chakula, akaniwekea mimi sahani, akaendelea na safari yake. Nikamwambia Skola, dada, mwite, amekuruka. Akatikisa kichwa. Alikuwa anamtazama Klara.

"Wako ananyonya?"

"Ananyonya mno. Leo tu ndiyo ananisumbua."

"Wangu hajawahi," akasema. "Hata mara moja."

Hakulisema kwa kulia. Alilisema kama mtu anayekwambia kisima kimekauka. Kisha akanisogezea yule mtoto, juu ya vile vitu vyangu, akasema, "Dada, mpe kidogo."

Kwetu kumnyonyesha mtoto wa mtu si jambo la mchezo, najua. Bibi yangu angesikia angenipiga. Lakini naapa, kabla sijajibu, maziwa yangu yenyewe yalianza kutoka, yakalowesha blauzi. Mwili ulikubali kabla yangu. Nikamlaza Klara mapajani, nikampokea yule mwingine.

Hakuwa na uzito. Ulishawahi kunyanyua khanga iliyokunjwa? Basi ni hivyo. Nilifunua kidogo, nikaona kijiso, nywele nyingi nyeusi, macho yamefumba. Alikuwa wa baridi, nikasema ni kile kiyoyozi cha ndege. Nikampa ziwa la kushoto. Akalishika. Akavuta.

Nakuambieni, baridi ile ilipanda kutoka kwenye chuchu ikaingia kifuani, ikafika begani, kama maji ya asubuhi ya mwezi wa saba kwetu, yale ya kuumiza meno. Nilitaka kumtoa. Lakini alikuwa anavuta kwa njaa, na anameza, nasikia kabisa anavyomeza. Utamtoaje mtoto anayemeza? Klara alikuwa amenyamaza. Safari yote analia, sasa amenyamaza, anamkodolea macho mwenzake.

Skola ndipo akalia. Machozi yalimtoka bila sauti.

"Kesho unafika Songwe?" akaniuliza.

"Nafika. Nalala Dar, asubuhi naunganisha."

"Na sisi. Mama yangu anakuja kutupokea. Dada yangu, waambie tuko wawili."

"Si watawaona wenyewe?"

"Hawataona. Mama hajui. Kila alipopiga simu nilimwambia niko salama, kazi nzuri, mabosi wazuri. Hili sikuweza kumwambia. Waambie tuko wawili. Mtoto hana jina. Mama atampa."

Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Binti amekwenda kufanya kazi za ndani, amepata mimba bila ndoa, anaona aibu, anataka mtu amtangulie kulisema neno gumu. Nikamwambia, usijali, nitakaa na wewe, tutamwambia mama pamoja. Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mwenye shida.

Mhudumu akaja. "Dada, tunakaribia kushuka. Mfunge mtoto mkanda, na hivi vitu vitoe kwenye kiti."

Niligeuka kumsikiliza. Nilipojitazama, mikononi sikuwa na kitu. Ziwa liko nje, na Klara yuko mapajani.

"Yule dada amekwenda wapi?" nikauliza.

"Dada yupi? Hapo hapajakaliwa tangu yule baba ahame."

Pale Dar nilisimama mlangoni nikatazama abiria wote wakishuka, mpaka wa mwisho. Hakuwemo. Usiku nililala kwa binamu yangu, au niseme nilijilaza tu. Ziwa la kushoto lilikuwa gumu na la baridi. Nilijiambia ni uchovu.

Kesho yake, kwenye kiwanja cha ndege cha Songwe, kabla hata mizigo yetu haijatoka, walitoa jeneza.

Kiwanja kile si kikubwa, kila kitu unakiona. Nje ilisimama Kosta yenye kitambaa cheupe kwenye kioo, na akina mama wa kanisa na sweta zao, na kijana mmoja ameshika msalaba wa mbao. Mwingine ameshika picha. Niliisogelea ile picha. Alikuwa Skola. Amesuka, anacheka, lakini ni yeye. Msalabani pameandikwa Skolastika. Jina moja.

Sasa niambie, wewe ungefanya nini? Kaka yangu alishanieleza pa kupata gari la Tunduma, na kutoka hapo Sumbawanga. Ningeweza kuondoka zangu. Na sababu ninayo. Nani angenielewa? Mgeni, mtu wa Sumbawanga, anajua kilichomo ndani ya jeneza ambalo hakuna aliyelifungua! Kwetu watu wamehamishwa kijiji kwa maneno madogo kuliko hayo. Nilipiga hatua kwenda getini. Klara akaanza kulia, kilio kile kile cha kwenye ndege, na maziwa yakatoka. Upande wa kulia peke yake.

Nikarudi.

Mama yake alikuwa ameketi chini kabisa, mkono juu ya jeneza. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ulikuwa naye huko?"

"Nilikutana naye, mama. Amenipa maneno niwaletee."

"Lini?"

Kudanganya nilishindwa. "Jana," nikasema. "Ndani ya ndege. Amesema niwaambie wako wawili."

Baba mdogo wa marehemu alikuwa nyuma yangu, amesikia. Akanishika bega akaninyanyua.

"Jana? Huyu amekufa tangu wiki ile! Wewe ni nani? Nani amekutuma utuchezee kwenye msiba?" Akawageukia watu. "Tumeambiwa sanduku lisifunguliwe, na halifunguliwi. Tunafika, tunazika."

Watu wakanizunguka. Mmoja akauliza mimi mtoto wa nani, wa wapi. Nikasema Milanzi. Akasema, "Ahaa," na ile "ahaa" mimi naijua maana yake. Nilimbana Klara kifuani.

Mama hakuwa amesogea. Akauliza kwa sauti ndogo, "Mtoto ana jina?"

"Amesema hana. Amesema mama atampa."

Mama akalipapasa jeneza kwa kiganja. Kisha akasema, wala si kwangu, labda kwa lile sanduku: "Aliacha kunitumia picha za mwili mzima. Ananitumia uso tu, uso tu. Mimi nimezaa saba. Nilijua. Niliogopa kumuuliza."

Akainuka, akanishika mkono. "Panda gari letu. Shemeji, huyu ni mgeni wangu."

Barabara ile ya Tunduma hadi kwetu nimeipita mara nyingi, lakini siku hiyo haikuisha. Tulipita Laela, kisha zile nyika zilizokauka, mahindi yameshavunwa, upepo unapiga vioo. Hakuna aliyenisemesha. Mama peke yake alimchukua Klara, akampakata njia nzima, anamnusa kichwa. Mjini Sumbawanga kaka yangu alikuwa ananisubiri stendi. Nikampigia simu nikamwambia nitachelewa. Tulifika Kate jua linazama.

Baba mdogo bado alikataa. Mama akasimama mbele ya jeneza kwenye sebule yake, akasema, "Mwanangu huyu nilimzaa mimi. Fungueni, au nifungue kwa shoka." Katekista, mzee mpole mwenye koti kubwa, akasema kwamba kumtazama mtoto wa mtu si dhambi. Akatafuta bisibisi mwenyewe.

Waliingia yeye, mama, na wamama wawili. Mlango ukafungwa. Sisi wengine tulibaki uani, na baba mdogo akasimama karibu yangu, nadhani nisikimbie. Macho yangu yalitafuta njia ya kutokea. Maana, je, kama hayumo? Kama ni mimi nimechanganyikiwa, nimewafungulisha watu sanduku la maiti wao?

Tulisikia skrubu zikilegezwa. Tukasikia mbao. Halafu muda mrefu hatukusikia kitu.

Kisha sauti ya mama, haipigi kelele, inasema tu kama mkunga: "Ni wa kiume."

Baba mdogo alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama, akajifunika uso kwa kofia yake. Mwanaume mzima alilia mpaka nikamwonea huruma.

Huko walikomfungia sanduku walikuwa wamemlaza mkononi mwa Skola, ndani ya lile shuka jeupe. Hakuna aliyemwandika, hakuna aliyemtaja. Mama aliomba khanga mpya, akamvika. Akamwita Yosefu, jina la marehemu mumewe. Msalaba wa pili ulichongwa, mdogo, na asubuhi walizikwa katika kaburi moja, mtoto amerudishwa mkononi mwa mama yake. Katekista aliyataja majina yote mawili, na nilisikia watu wakijibu kwa yote mawili.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Yaliyobaki ni yangu. Ziwa langu la kushoto halikutoa tena maziwa, hata tone. Madaktari wamelipima, huko na hapa, wanasema ni zima. Lakini uliguse hata kwenye jua la Maskati, ni la baridi. Klara alikua kwa ziwa moja. Mama mkwe wangu alipopata habari alimpeleka mjukuu wake kuombewa, na mpaka leo chakula nilichopika mimi hukionja kwanza mtu mwingine. Mume wangu ananiamini, au anasema hivyo.

Na mama yake Skola hunipigia simu. Hazungumzi mengi. Tunasalimiana, ananiuliza Klara hajambo, halafu najua linakuja swali lile lile.

"Kweli alinyonya?"

"Alinyonya, mama."

"Alishiba?"

Hapo sijui, maana nilipogeuka hakuwepo. Lakini namwambia alishiba.

Wewe unayenisikiliza, kama utapanda ndege na kichanga, na kiti cha jirani kikapata mtu usiyemwona akija, mimi siwezi kukuambia umpokee mtoto wake au umkatae. Ujue tu kwamba hutarudi ulivyokuwa. Lakini kama una binti huko mbali, au mdogo wako, na siku hizi anakutumia picha za uso peke yake, chukua simu leo. Habari za kazi ziache. Muulize hali yake, akikujibu yuko salama muulize tena, na usiogope atakachosema.