Ruta ya Mtumba Kutoka Nakonde

Hapa Chapwa, mpakani, ukisema "mtandao mbovu" mbele ya Restuta, utajuta. Atakuuliza: mbovu vipi, tangu lini, kwenye simu ipi? Ni binti wa wakulima wa kahawa wa Isansa, na husema baba yake alimfundisha kwamba mbuni ukinyauka hukimbilii dawa, unafukua mizizi kwanza. Ufundi alijifunza mwenyewe, akaua kompyuta tatu kabla ya kuponya moja. Hilo anajisifia bila haya.

Siku ile nilimwita shingo upande. Mke wangu Aida anasomea uuguzi kwa mtandao, na saa nane mchana alikuwa na mtihani wa marudio. Ule wa kwanza alifeli kwa sababu ukurasa wa maswali uligoma kufunguka. Akifeli tena, anarudia mwaka. Mimi nilishawaambia ndugu zangu kwamba hakusoma, anasingizia mtandao.

Restuta alifika saa saba. Alifungua tovuti ya chuo kwa laini ya simu yake, ikaja. Akaunganisha simu hiyohiyo na ruta yetu, ikagoma. Kisha akaandika anwani nyingine ya namba tupu, isiyo na jina. Ikafunguka papo hapo.

"Barabara yenyewe ni nzima, shemeji," akasema. "Mwelekeza njia ndiye mbovu. Kila tovuti ina namba yake. Ukiandika jina, ruta inauliza mahali fulani: huyu namba yake ngapi? Sasa hii yako inamuuliza nani?"

Akaingia kwenye mipangilio, akaguna.

"Ruta umenunua wapi?"

Nikakohoa.

"Mficha uchi hazai, shemeji."

"Ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Ya mtumba."

Mwenyewe wa zamani alikuwa ameandika humo anwani ya kampuni ya mtandao ya hukohuko, inayojibu wateja wake tu. Maswali yetu yalivuka mpaka, yakanyimwa jibu, hadi ruta ichoke na kujaribu anwani ya pili. Ndiyo maana leo ukurasa unakuja, kesho unakwama. Restuta akafuta ile anwani, akaweka inayojibu kila mtu, akazima ruta, akaiwasha. Akafungua tovuti ya chuo mara kumi, ikaja mara kumi.

"Kaoshe uso, Aida," akamwambia mke wangu, aliyekuwa kando akifuta machozi. "Hapa pamekwisha."

Niliona aibu. Ruta niliileta mimi, nikitamba kwamba nimepata kitu rahisi. Rahisi ghali, na aliyelipa ni mke wangu.

Saa nane na dakika chache nilichungulia chumbani.

"Aida, nisamehe. Hukusingizia."

Hakugeuka. "Nimesikia. Funga mlango, niko swali la nne."

Nikaufunga taratibu, nikasimama pale nje nikimwomba Mungu mke wangu afaulu, ukoo mzima unione mwongo.