Ubao wa Kumi na Moja

Breki alilijua tumbo la behewa kuliko alivyolijua tumbo lake mwenyewe, ingawa hilo lake lilionekana kwa urahisi zaidi. Miaka thelathini na miwili alifunga breki za mabehewa ya mizigo katika karakana ya reli, amelala chali juu ya gunia, grisi ikimdondokea kwenye masharubu. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mkewe alikuwa mshonaji. Alishona sare za shule na mapazia katika chumba cha mbele, kwenye cherehani ya miguu, na kwa kuwa hakuna siku aliyotoka nje bila kipande cha uzi kimemganda mahali, watu walimwita Bi Uzi, naye akaitika.

Breki alipostaafu, alikaa kwenye kiti. Kilikuwa dirishani, kikitazama barabara. Mwanzoni alitazama malori na kuyatolea hukumu. "Lile mlima haliuwezi," alisema. "Lile, dereva wake anamaliza breki kama mtoto anavyomaliza peremende." Ikawa afadhali. Kisha akaacha hata hilo.

Bi Uzi aliwaangalia watu wake kama anavyoangalia maziwa yaliyo jikoni: ukigeuka kidogo, yamefurika. Aliona chai inabaki nusu kikombe. Aliona soksi zilezile Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Daktari alipima presha, akatikisa kichwa na kusema mzee atafute cha kufanya, kama vile cha kufanya kinauzwa dukani. Bi Uzi alikuwa mtu wa hofu tangu utotoni: aliogopa radi, aliogopa barua zenye mihuri, aliogopa mtoto akinyamaza ghafla chumba cha pili. Lakini hofu zote hizo zilikuwa kuku tu mbele ya ukimya wa mume wake kwenye kile kiti.

Aliyemnyanyua ni binti yao mkubwa, bila kukusudia. Alikuja kusalimia, akamwonyesha baba yake kwenye simu kundi la watu wanaopenda treni ndogo. Si watoto. Ni watu wazima wenye vitambi na vyeo, wenye reli zinazozunguka meza ya kulia chakula, na wake zao walishakubali yaishe. Walikuwa wakilalamika kwamba hakuna aliyewahi kutengeneza mfano wa lile behewa la zamani la nafaka, la mbao, lenye mlango wa kusukuma ubavuni.

Breki aliivuta simu mpaka ikakaribia pua. "Hilo nimelifunga breki mimi," akasema.

Kesho yake kiti kilikuwa kitupu, na stoo ya nyuma ya jiko ilinuka gundi.

Basi kazi ikaanza. Alianza na tumbo, kama ilivyotarajiwa. Alikata vipande vya plastiki kwa kisu chembamba, akavishika kwa kibano cha nyusi ambacho binti alikisahau, akatengeneza mikono ya breki, vyuma vya kuvuta, chemchemi, mpaka na bomba la hewa jembamba kama unywele. Behewa lote lingekaa kiganjani, na bado mtu angeweza kulilaza chali akaona jinsi lilivyosimama enzi zake. Bi Uzi alichungulia mlangoni, akajiuliza nani atalipindua ili ayaone hayo yote, lakini hakuuliza. Kikombe cha chai kilikuwa kinarudi kitupu.

Ubavu ulikuwa habari nyingine. Mtu aliyeishi chini ya mabehewa miaka thelathini na miwili hana sababu ya kuhesabu mbao za ubavuni. Mabehewa yenyewe yalishachomwa au kukatwa chuma chakavu. Lilibaki moja tu, karibu na stesheni ya zamani. Lilikuwa limevuliwa magurudumu na kila kitu cha chini, likawekwa ardhini, na muuza vitunguu alikuwa akilitumia kama stoo kwa miaka mingi. Breki alikwenda na mkewe na futi kamba ya ushonaji. Yeye alishika ncha ya juu, Bi Uzi akaibana ncha ya chini kwenye udongo. Breki alihesabu mbao kumi. Akarudi nyumbani, akagawa kila kipimo kwa themanini na saba, kama watu wa lile kundi wanavyotaka, wala hakuna aliyeweza kumweleza Bi Uzi kwa nini isiwe themanini.

Picha za kwanza zilipotumwa kundini, maoni yalianza kumiminika. Na hapo ndipo Bi Uzi alipoingia kwenye makosa.

Macho ya Breki yalikuwa ya riveti, si ya herufi. Riveti aliiona akiwa upande wa pili wa chumba, lakini maandishi ya simu yalimkimbia kama sisimizi, na miwani aliiweka kwa ajili ya kazi, si kwa ajili ya porojo. Kwa hiyo mkewe ndiye aliyemsomea. Bi Uzi alisoma polepole, midomo ikitangulia kuonja neno kabla ya sauti, na kule kusoma polepole kulimpa nafasi ya kufikiri.

Maoni ya kwanza yaliandikwa na daktari wa meno. Yalisema: "Hili si behewa. Hiki ni kipande cha sabuni kilichokaliwa."

Bi Uzi alimtazama mume wake. Alikuwa ameshika kikombe, amesogea mbele kitini, uso umefunguka kama dirisha. Aliutazama mshipa wa paji la uso wake.

"Anasema limetulia vizuri," akasoma.

"Ehe. Mwingine?"

Mwingine alikuwa mwalimu wa hesabu, naye aliuliza kama ubao mmoja umeliwa na mchwa.

"Huyu anauliza habari za mchwa."

"Mchwa?" Breki alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mwambie hiyo ni plastiki, mwalimu. Mchwa watavunjika meno."

Naye Bi Uzi akaandika: Asante kwa maoni, yanafanyiwa kazi.

Mkali kuliko wote alikuwa mzee mmoja waliyemwita Milimita. Hakuna aliyejua alifanya kazi gani ujanani, ila wengi walishukuru kwamba hawakuifanya naye. Milimita aliandika: "Hesabu mbao. Ni kumi. Picha zote za zamani zina kumi na moja. Mtengenezaji alienda shule?"

"Milimita anasema amezihesabu mbao zako zote," akasoma Bi Uzi, na hakuwa amesema uongo.

"Huyo ndiye mtu," alisema Breki. "Anaangalia. Vijana wa siku hizi hawaangalii."

Ikaenda hivyo wiki nne. Breki alibadilisha rangi, akarekebisha paa, akaongeza vijipete vya kamba, kila kitu isipokuwa kile kimoja alichokuwa akipigiwa kelele. Kundini walianza kumwona kiziwi mwenye adabu. Nyumbani alianza kupiga mluzi. Bi Uzi aliusikia ule mluzi kutoka kwenye cherehani, akafurahi, kisha akaificha simu chini ya vitambaa.

Kisha fundi kalibu akapiga simu. Huyu ndiye angechonga kalibu ya chuma ya kumiminia plastiki, ili mabehewa yatoke kwa mamia na kuuzwa kwa watu wa kundi. Alikuwa mtu wa maneno machache. "Niletee mfano Jumatano," alisema. "Alhamisi nakata. Nikishakata, usije na hadithi. Chuma hakishonwi."

Jumatatu, Milimita alimwandikia Breki peke yake, nje ya kundi. Alituma picha ya zamani ya behewa, na juu ya kila ubao ameandika namba kwa rangi nyekundu. Bi Uzi alizifuata kwa ncha ya sindano. Kumi na moja. Chini yake palikuwa na maneno: "Likikatwa hivi hakuna atakayelichukua, hata mimi. Nakwambia mapema kwa sababu tumbo lake ni bora kuliko lolote nililowahi kuona, na ni dhambi kulibebesha sanduku bovu. Nijibu kama mtu, usinijibu kama ofisi."

Siku hiyo Bi Uzi alishona mkono wa kushoto wa sare mahali pa mkono wa kulia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu alipokuwa mwanafunzi wa ushonaji. Aliyapima mambo mawili. Akisema, mzee atajua kwamba mwezi mzima watu walikuwa wakimcheka na mkewe akishika mlango. Atarudi kwenye kiti. Akinyamaza, behewa litakatwa, litatoka kwa mamia likiwa limekosewa, na atarudi kwenye kiti vilevile, ila safari hii na sababu. Jumanne aliipitisha akitafuta njia ya tatu. Haikuwepo.

Jumatano asubuhi Breki alivaa shati safi. Mfano ulikuwa kwenye boksi la viatu, umefunikwa kwa vitambaa vya mapazia.

"Baba watoto, kaa kwanza."

"Nikikaa nachelewa."

"Behewa lina mbao kumi."

"Najua. Mimi ndiye niliyezikata."

"Linatakiwa kuwa na kumi na moja."

Breki aliweka boksi mezani. "Nani kasema?"

"Wote."

"Wote wamesema lini? Jana?"

"Tangu picha ya kwanza." Bi Uzi aliivuta sindano kutoka kwenye kifua cha gauni lake, akairudisha palepale. "Sikukusomea. Nilikuwa nasoma vingine."

Akamwonyesha picha yenye namba nyekundu. Breki alivaa miwani ya kazi, akaitazama muda mrefu. Mshipa wa paji la uso ulisimama. Bi Uzi aliuangalia mshipa, akaangalia kiti kule dirishani, akaangalia tena mshipa. Mumewe aligeuka. Alipita kiti, akapita mlango, akatoka nje. Aliporudi alikuwa na mwiko wa kupandia maua.

"Twende," alisema.

Bi Uzi alimfuata hatua mbili nyuma, akiwa ameshika simu kwa mikono yote miwili kama sahani ya moto. Muuza vitunguu alikuwa ameketi mbele ya stoo yake, akimenya maganda ya nje. Alimwona mzee wa shati safi akipiga magoti pembeni ya lile behewa na kuanza kuchimba.

"Mmepoteza nini?" akauliza.

"Ubao," alisema Breki.

Hakuchimba sana. Kiganja kimoja chini ya udongo, mwiko uligonga mbao. Alifuta kwa vidole. Ukaonekana ukingo wa juu, kisha ukingo wa chini, umeoza kidogo, una riveti mbili kila upande, ubao mzima wa kumi na moja uliokuwa umekaa gizani.

"Lakini hilo limekuwa likizama tangu nianze kuuza hapa," alisema muuza vitunguu. "Mlango nimeukata chini mara mbili ili ufunguke. Si mngeniuliza?"

Breki aliketi juu ya kreti la vitunguu, mikono imejaa udongo.

"Nisamehe," alisema Bi Uzi. "Niliogopa presha."

"Presha." Breki alilitamka neno kama jina la mtu anayemdai salamu. "Unajua karakana ilikuwaje? Watu mia mbili, na kila mmoja anamtukana mwenzake kuanzia asubuhi. Ukifunga breki vibaya, unaitwa mbuzi. Ukifunga vizuri, wananyamaza. Siku nilipoaga, msimamizi alisimama akanisifu robo saa nzima. Mimi nikajua basi, nimeshakufa." Alifuta vidole kwenye suruali. "Na wewe umenisifu mwezi mzima. Nilikuwa najiuliza, hawa watu wana nini? Hakuna mtu wa reli anayesema limetulia vizuri. Nikadhani wananihurumia kwa sababu ya uzee."

"Walisema sabuni iliyokaliwa."

"Nani?"

"Daktari wa meno."

Breki alilitazama behewa lililozama, kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Bi Uzi akasogea haraka kumshika kabla hajaelewa kwamba anacheka.

"Ni kweli," alisema Breki, akifuta macho kwa kiwiko. "Limekaliwa. Mshenzi ana macho, yule. Soma yote. Anza mwanzo. Usiruke kitu."

"Mengine yana matusi."

"Ndiyo maana nataka kuyasikia."

Kwanza alimpigia fundi kalibu. Fundi kalibu aliuliza kama hiyo ni hadithi. Breki akamwambia ni udongo. Ikakubaliwa kwamba kalibu ya vifuniko vya chupa ya mteja mwingine ingekatwa kwanza, behewa lingesubiri wiki mbili, na wiki ya tatu haipo. Ndipo akamwambia mkewe aandike.

"Mwandikie Milimita. Mbao ni kumi na moja. Nimeuchimbua wa mwisho kwa mkono wangu. Macho yako ni mazima, adabu yako ni mbovu."

Bi Uzi aliandika. Alipofika kwenye adabu, kidole kilisimama hewani.

"Umeandika?"

"Naandika."

"Nisomee."

Alisoma. Ilikuwa neno kwa neno. Akatuma, akafumba macho kama anayesubiri radi.

Jibu lilikuja kabla muuza vitunguu hajamaliza kitunguu kimoja. Bi Uzi alilipitia kwa midomo, kisha akalitoa lote: "Adabu hukuniomba, uliniomba maoni. Kumbe una ulimi, tulidhani tunaongea na posta. Sasa tuje kwenye komeo la mlango wako. Linafanana na kijiko."

"Komeo lina nini?" alisema Breki, akiinuka. "Hilo komeo nimelifunga kwa mikono hii mara elfu. Labda yeye kwao vijiko vimepinda." Maganda ya vitunguu yalidondoka kutoka kwenye suruali yake. Alishaanza kutembea kuelekea nyumbani, akichora komeo hewani kwa kidole. "Anasema limepinda wapi? Juu au chini? Soma."

Bi Uzi aliokota mwiko uliosahauliwa, akamwomba radhi muuza vitunguu kwa shimo, kisha akamkimbilia mume wake barabarani, akisoma kwa sauti, hata maneno ambayo katika ndoa yao yote hakuwahi kuyatamka mbele yake.