Herufi Moja Katika Damu Yangu

Ndugu zangu, mimi ni Wafula, fundi wa friji hapa Kamwokya. Nilitoka Busia, upande wa Kenya, nikavuka mpaka nikiwa kijana, na miaka yote hiyo sikujua kitanda cha hospitali. Nilikuwa nabeba kompresa begani na kupanda nayo kilima cha Naguru kwa miguu.

Ugonjwa ulianza tumboni. Upande wa kushoto, chini ya mbavu, palivimba pakawa pagumu. Wateja walinitania kwamba nimenenepa, kumbe mikono inakonda. Nikila vijiko vitatu, nimeshiba. Shuka lilikuwa linalowa jasho, na mke wangu Nekesa analianika kila asubuhi.

Hospitalini walinipima damu. "Kilichovimba ni wengu," daktari akasema. "Chembe nyeupe zimezidi mno. Nashuku ni kansa ya damu, ila lazima tuhakikishe kwa kipimo cha jeni."

Kipimo kilionyesha kwamba vipande viwili vya jeni vimetoka mahali pake vikaungana. Jeni hiyo mpya ndiyo iliyoamuru damu izae chembe bila kusimama. Nilipewa vidonge vya kuizuia, kimoja kila siku. Tumbo likashuka, nikarudi kazini.

Mwaka wa pili chembe zikapanda tena. Daktari akaweka kalamu chini.

"Bwana Wafula, unaruka dawa?"

"Hapana, daktari."

"Wengi husema hivyo."

Nekesa alimwamini daktari. Kila asubuhi alisimama mbele yangu. "Meza nikiona. Haya, fungua mdomo." Nilifungua. Tumeoana miaka kumi na minne, na sasa ananikagua chini ya ulimi. Jambo hilo liliniuma kuliko sindano waliyonidunga kwenye mfupa wa nyonga wakati wa vipimo.

Wiki sita zikapita, na chembe bado zinapanda. Nekesa akaenda mwenyewe kwa daktari. "Nimemwona akimeza kwa macho yangu. Tafuteni sababu nyingine."

Nikapelekwa maabara. Dada aliyenitoa damu aliitwa Namukasa. Nilimuuliza watatafuta nini safari hii, maana mimi ni fundi, napenda kujua.

"Ssebo, bwana wangu, mwanzo tulitaka kujua tu kama hiyo jeni ipo," alinijibu. "Mashine inainakili mara nyingi sana mpaka ionekane. Sasa tutaisoma herufi kwa herufi, tuone kama imebadilika."

Majibu yalichukua wiki tatu. Herufi moja ilikuwa imebadilika, dawa ikakosa pa kushika. "Ulikuwa unameza," daktari akaniambia. "Nisamehe." Nekesa alitazama sakafu. Tulipotoka nje akanishika shati, akalia. Nilimwacha alie mpaka akamaliza.

Nikabadilishiwa dawa, na hiyo mpya iliniwasha ngozi na kuniharisha mwezi mzima. Kisha chembe zikashuka. Leo ile jeni ni kidogo mno, mashine inaikamata kwa shida. Sisemi nimepona kabisa. Kila miezi mitatu natoa damu ipimwe, nasubiri majibu.

Namshukuru Mungu, namshukuru Nekesa, nawashukuru wale wa maabara ambao wagonjwa wengi hatuwaoni. Na wewe unayemeza dawa huku madaktari wanasema humezi: usigombane nao, na usiache dawa kwa hasira. Rudi hospitalini kesho yake. Nenda na mtu aliyekuona ukimeza, mwambieni daktari kwamba mnaomba jeni isomwe upya, na msitoke mpaka awajibu.