Picha Nyuma ya Maneno

Nina daftari la kasoro tangu nilipoanza kujifunza kompyuta peke yangu, nikiwa nimeshavuka miaka thelathini. Upande wa kushoto naandika jinsi kasoro ilivyoonekana, upande wa kulia sababu yake na nilivyoiondoa. Kuna ukurasa mmoja ambao siku hizi naufunua kwa shida. Unasema kwamba kivinjari cha kompyuta kubwa kilikataa kuonyesha picha za nyuma, na kwamba nilikirekebisha kwa muda wa saa mbili. Yote niliyoandika pale ni kweli. Lakini kilichokuwa kikiharibika siku zile ni macho ya dada yangu, na kazi yangu ya asubuhi ile iliyazidishia uharibifu.

Tulikuwa na duka dogo Rangwe, mimi na yeye, kando ya barabara ya Homa Bay. Ni mkubwa wangu kwa miaka tisa. Alisomea upigaji chapa enzi za taipureta, akafanya kazi ofisini Homa Bay mpaka ofisi ilipopunguza watu. Mimi sikusomea chochote cha mashine. Nilijifunza kwa kuharibu na kurekebisha.

Riziki yetu kubwa ilitoka kwenye matanga. Familia ikifiwa, ilikuja kwetu kuchapisha tanzia na kijitabu cha ibada. Kwa wenye watoto ng'ambo nilitengeneza ukurasa wa kumbukumbu kwenye mtandao, ili walio mbali wasome wasifu na kuandika rambirambi. Huku kwetu watu hutaka uso wa marehemu uonekane kila mahali: kwenye fulana, kwenye bango la gari, hata nyuma ya maneno yenyewe. Basi kila ukurasa niliuwekea picha ya marehemu iliyofifishwa, ikajaza skrini nzima, na maneno yakapita juu yake kwa rangi ya kahawia. Niliupenda sana mtindo ule. Watu wa Rodi Kopany waliuiga.

Dada ndiye aliyepiga chapa maneno. Rambirambi zilikuja kwa simu na kwa vikaratasi, kwa Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza, naye aliziingiza moja kwa moja kwenye ukurasa, katika kompyuta kubwa ya karibu na dirisha. Mimi nilitumia laptopu yangu nyuma ya pazia. Yeye ni Msabato kwa ndoa, mimi nimebaki Mkatoliki kama wazazi wetu, kwa hiyo Jumamosi nilifungua mimi na Jumapili akafungua yeye. Mpango ule ulitufaa, kwani duka halikufungwa hata siku moja. Ila kila wiki ilikuwa na siku ambayo sikujua kilichofanyika dukani, wala sikuwahi kuuliza.

Mwaka ule nilikuwa nimeona kwamba ameanza kuisogelea skrini, pua karibu iguse kioo, na kwamba kasi yake imepungua. Nilidhani ni umri. Kisha, kwa muda wa wiki tatu hivi, alirudi kuwa yule wa zamani. Vidole vilikwenda bila kusita, na alikuwa akiimba nyimbo za kanisani kwake kwa sauti ya chini. Nilifurahi, nikamtania kwamba shemeji lazima amemnunulia kitu. Alicheka tu.

Jumatatu moja akaja mzee mfanyabiashara wa samaki kutoka Sori. Kaka yake alikuwa mochari Homa Bay, mwili ungetoka Alhamisi, na watoto waliokuwa nje walikuwa wanasubiri ukurasa. Alitaka auone kwanza kwa macho yake. Dada alikuwa ametoka kwenda posta, nikamkalisha mzee mbele ya kompyuta kubwa na kuufungua. Maua ya juu yalionekana, na mshumaa ulionekana. Nyuma ya maneno palikuwa peupe kabisa.

Mzee aliinama, akatazama, akainuka.

"Ndugu yangu yuko wapi hapa?"

Nikamweleza kwamba yuko nyuma ya maneno, ila leo mashine inasumbua.

"Huyu hakukaa nyuma ya mtu hata siku moja," akasema. "Hata kwenye picha ya harusi yangu amesimama mbele yangu."

Waliokuwa wakingoja fotokopi wakacheka. Nilimwomba arudi saa nane, nikakaa kufanya kazi kwa utaratibu ninaouamini.

Kwanza nilitazama jina la faili, maana herufi kubwa na ndogo zimenipotezea siku nyingi. Lilikuwa sawa. Nikatazama njia ya kuifikia picha, nikatazama kama jina lina nafasi katikati. Nikafuta kumbukumbu za zamani za kivinjari, nikafungua upya. Peupe. Nikaufungua ukurasa uleule kwenye laptopu, na marehemu akatokea, mabega mapana, kofia kichwani. Kwa hiyo ukurasa ulikuwa mzima. Nikafungua kurasa nyingine tano za familia nyingine kwenye kompyuta kubwa, na zote hazikuwa na sura ya mtu. Kwa hiyo tatizo lilikuwa la kivinjari kile, na lilihusu picha za nyuma peke yake, kwa sababu picha za kawaida zilipita. Niliona pia kwamba maneno yangu ya kahawia yamekuwa meusi, tena meusi sana. Hilo nililiandika na kulipita. Hapo ndipo nilipopaswa kutua. Mtu mwenye subira zaidi angejiuliza ni nani anayehitaji maneno meusi juu ya weupe mtupu.

Niliingia kwenye mipangilio, sehemu ya rangi. Palikuwa na chaguo la kukiamuru kivinjari kisifuate rangi za ukurasa, kifuate za mtumiaji. Lilikuwa limewekwa "daima". Amri ile ikiwekwa, kivinjari hutupa na picha zote za nyuma. Nililirudisha, na mzee wa Sori alipokuja saa nane alimkuta ndugu yake amejaza skrini. Akaniambia nimefanya vizuri.

Dada aliporudi nilimuuliza kama amegusa mipangilio.

"Mimi napiga chapa tu, omera," alisema. Omera ni ndugu, na alikuwa akiniita hivyo tangu utoto. "Hayo mengine ni yako."

Sikumuuliza zaidi. Nilichofanya ni kuandika mistari miwili katika faili ya mipangilio, ili kila kivinjari kikifunguliwa kirudi nilivyotaka mimi, mtu yeyote afanye lolote. Niliona ni kazi safi.

Siku ya pili aliniambia skrini imechafuka. Nilimwambia afute miwani. Akaifuta, akarudi kuisogelea skrini, na nyimbo zikakoma. Wiki zilizofuata alianza kukosea, yeye ambaye zamani karatasi yake ilitoka taipureta bila kosa. Niliamua kupitia kila kazi yake jioni, na nilifanya hivyo mbele yake, kwa kalamu nyekundu. Sikumuuliza kwa nini anakosea. Nilihesabu makosa.

Kisha likaja kosa ambalo kwetu halisameheki kirahisi. Marehemu mmoja alikuwa na wake watatu, na kwenye wasifu dada aliruka mstari wa mke wa pili pamoja na watoto wake. Siku ile mimi sikuwa nimepitia. Kijitabu kilisomwa kaburini, na yule mama akasimama mbele ya watu kuuliza kama yeye alikuja pale kupika. Kesho yake wanawe walijaa dukani. Niliwaomba radhi, na katika kuomba radhi nikamgeukia dada yangu mbele yao.

"Kama huwezi kusoma ulichoandika, kaa nyumbani," nilimwambia.

Wiki hiyohiyo alisema anakwenda Migori kumsaidia binti yake na mtoto mchanga. Nilijua kwamba amekasirika, nikangoja hasira ipoe. Ilipita karibu miezi minane kabla sijakwenda kumwona.

Binti yake alinipokea stendi, na njiani kwenda nyumbani akanitayarisha kwa upole. Alisema mama ana presha ya macho, jicho la kushoto limekwisha, na la kulia linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Nilimuuliza tangu lini. Akasema mama alianza kliniki Homa Bay akiwa bado Rangwe, kwa siri, kwa sababu aliogopa nitamwondoa kwenye mashine. Alipewa dawa ya matone.

"Na mimi nilimtengenezea ile kompyuta, mjomba," akasema. "Jumapili moja nilipomtembelea. Nilipangusa skrini, na alipotoka kununua chai nikaweka maneno meusi, nikaondoa hizo picha za nyuma. Sikumwambia. Hapendi kuambiwa haoni. Nilimwambia nimepangusa skrini tu, ajaribu kuandika, na akafurahi sana, akasema matone yanafanya kazi. Baadaye akaniambia matone yamegoma, ukungu umerudi, akaacha kuyatia."

Aliendelea kuzungumza juu ya mtoto, nami sikusikia. Nilikuwa napanga tarehe kichwani. Alianza matone, kompyuta ikabadilishwa, akaona vizuri, akaamini ni matone. Mimi nikarudisha picha, ukungu ukarudi, akaamini matone yamegoma. Daktari wa Migori aliwaeleza baadaye kwamba dawa ile hairudishi macho yaliyopotea, huyazuia tu yaliyobaki yasipotee. Kazi yake haionekani. Dada aliipima kwa skrini yangu.

Nilimkuta ameketi barazani, akichambua omena, dagaa wa ziwani, kwenye ungo, vidole vikitafuta mchanga na majani. Alinitambua kwa sauti. Tulisalimiana kirefu, akauliza habari za Rangwe, akacheka kusikia kwamba aliyechukua nafasi yake anapiga chapa kwa vidole viwili. Nikasema kwamba nina jambo la kumwambia. Nikamweleza hatua kwa hatua, kama ninavyowaeleza wateja: binti yake alifanya nini, mimi nilifanya nini, Jumatatu ipi, na ile mistari miwili niliyoiongeza ili isibadilike tena. Nilimwambia kwamba matone hayakugoma.

Mikono yake ilisimama juu ya ungo.

"Kwa hiyo nilikuwa naona," akasema.

"Ulikuwa unaona, nyamera," nikasema, yaani dada yangu.

Jirani alipita akasalimia, dada akamwitikia kwa furaha kama kawaida, akamuuliza habari za mguu wake. Jirani alipoondoka alinigeukia, uso kidogo pembeni, kama wanavyotazama watu waliobakiwa na kitundu.

"Ungejua ni mimi, ungeiacha vile?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nikakumbuka asubuhi ile, mzee wa Sori, watu wa fotokopi wakicheka, na jinsi nilivyoupenda mtindo wangu.

"Sijui," nilisema. "Labda ningekutafutia kazi nyingine."

"Hilo ndilo nililoliogopa," akasema, akarudi kwenye omena.

Niliketi kando yake, nikavuta ungo mpaka ukawa katikati yetu. Nilichambua upande wangu na yeye wake. Mara mbili aliufikia upande wangu, akapapasa, akatoa majani niliyoyaacha.